"Dakika 45 tu, haraka ya nini?" Dada wa kaunta Mwanza leo kanivuruga!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko uwanja wa ndege Mwanza tangu saa mbili asubuhi, sasa saa kumi jioni, Bukoba siioni. Ni wale wale. Jina sitaji, mnawajua.

Mwanza na Bukoba kwa angani ni kilomita 175 hivi, ziwa tu limekaa katikati. Dakika 45, ukifungua soda mnaanza kushuka! Kwanza wakasema hali ya hewa, mara ndege iko Dar, mara hali ya hewa tena. Kuna mtoto kaingia humu ananyonya, atatoka na ndevu.

Kuchelewa ningevumilia. Nimemfuata dada kaunta kwa adabu zote, nikamwambia nakwenda kumzika mjomba, mazishi saa tisa. Akanitazama, anatafuna bigijii: "Kaka, ndege yenyewe dakika 45 tu, haraka ya nini?"

Haraka ya nini! Mbele ya abiria wote! Ningepanda meli jana usiku ningeamkia Bukoba. Hata basi la alfajiri, kilomita zaidi ya 400 kuzunguka Geita na Muleba, saa hizi ningekuwa msibani. Mjomba kashazikwa, mimi naulizwa haraka ya nini. Na bigijii anatafuna!

Mtu wa Kemondo: Pole kwa msiba mkuu. Hao dawa yao meli, unalala, unaamka umefika.

Nshomile Mstaafu: Mhaya bwana, hata msibani lazima tujue alipanda ndege 😂😂

Mleta uzi: Mkuu usinitanie leo. Nimefiwa, halafu nimetukanwa.

Karafuu: Afadhali wewe umechelewa na begi lako. Mimi Unguja kwenda Pemba, nusu saa tu angani, nikafika, begi likabaki Unguja. Nguo za harusi zote humo. Nimekaa harusini na dera la kuazima!

Siti ya Nyuma: Mnalilia ndege? Njooni basi nililopanda mimi kwenda Biharamulo, siti imefungwa kwa kamba ya katani, na konda anadai nauli kamili.

Mleta uzi: Jamani, tunamzungumzia huyu dada. HARAKA YA NINI!!

Kivuko: Siti ya Nyuma, mlipita darajani?

Siti ya Nyuma: Ndiyo, Kigongo-Busisi, limefunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 unazimaliza hujamaliza karanga. Zamani ukikuta foleni ya kivuko pale, siku imeisha.

Mama Muleba: Samahani nje ya mada. Senene kwenye ndege wanaruhusu? Mara ya mwisho nilitozwa kilo za ziada.

Karafuu: Senene ndio nini?

Mtu wa Kemondo: Heee! Karafuu, ni panzi wa kuliwa hao. Waliokaangwa ruksa, mama. Wangu niliwapa watu wa basi, ndoo ikafika nusu. Ngoja nifungue uzi wake.