Ushauri: makontrakta watatu, nyumba ya kuokoa stima Ruai. Nichague yupi?

MamaPacha

Hamjambo wadau. Nyuzi za mjengo nimezisoma humu kimyakimya tangu zamani, leo nami yamenifika.

Mimi na mume wangu tuna ploti ya futi 40 kwa 80 kule Ruai, Nairobi, deni tulimaliza mwaka jana. Tumepanga Umoja mwaka wa tisa sasa, nyumba ya katikati, giza tupu, taa zinawaka saa sita mchana na tokeni zinaisha kama maji kwenye pakacha. Tulishakubaliana kwamba siku tukijenga, tutajenga nyumba isiyokula stima. Vyumba vitatu, bila ghorofa. Ramani tulinunua mtandaoni, nzuri ajabu, sebule ina kioo kikubwa mbele kutoka sakafuni hadi darini.

Tumeongea na watu watatu.

Wa kwanza ni kampuni yenye ofisi mjini. Wanajenga kwa zile paneli nyeupe za polistirini zinazopigwa saruji pande zote mbili. Ndani ya bei wametia sola, betri, hita ya maji ya jua, na wanasema wana "cheti cha kijani". Milioni 6.8, wanataka nusu kabla ya kuanza.

Wa pili ni binamu ya mume wangu, fundi wa miaka mingi. Anasema milioni 3.9 itatosha kila kitu. Hakuandika popote, alipiga hesabu kwenye simu tukiwa mezani tunakula.

Wa tatu ni mama mmoja, kontrakta mdogo, amesajiliwa na NCA (mamlaka ya ujenzi) ngazi ya 8. Milioni 5.6. Huyu alikuja hadi kwenye ploti na gambuti, akazungukazunguka, akaomba jembe kwa jirani akachimba pembeni, akauliza maji tutatoa wapi na barabara iko upande gani. Sola hakuitaja hata mara moja. Mume wangu anasema huyo ni wa zamani, mambo ya kisasa hajui.

Mngekuwa mimi mngemchukua nani?

MzeeWaKaloleni

Binti, wa pili mwondoe leo. Si kwamba kazi haijui, huenda anaijua kuliko hao wengine. Lakini siku ukuta utakapopinda utamwambia nini, na Krismasi mtaonana naye ushago? Fundi wa ukoo hafukuzwi.

Mpima_Bei

Mimi kazi yangu ni kuandika BQ, ile orodha ya kazi na vifaa vyote vya nyumba, kwa hiyo mnivumilie.

Dada, hizo si bei tatu za nyumba moja. Ni bei za nyumba tatu zilizochorwa kwenye karatasi moja. Huyo wa 6.8 amekupigia sola na betri humo ndani. Ukizitoa, pengine yuko jirani na yule wa 5.6, pengine hayuko, huwezi kujua mpaka uwe na BQ moja na wote wajaze bei kwenye mistari ileile. Mlipe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu na wakadiriaji, akuandikie.

Halafu udongo. Ruai sehemu nyingi ni udongo mweusi, ule ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia. Nyumba haikalishwi juu ya huo. Unachimbwa wote mpaka ufike kwenye murram au mwamba, shimo linajazwa mawe na murram na kushindiliwa. Udongo ukiwa wa futi tatu ni bei moja, ukiwa wa futi sita ni bei nyingine kabisa. Sasa nikuulize: kati ya watatu hao, nani aliyeshika jembe?

Zile paneli sizikatai. Ni nyepesi, msingi haulemewi, na joto halipenyi kirahisi. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe lina kiwanda chake Mavoko. Ila zinataka kikosi kilichozizoea. Ukiletewa vijana wa mawe, watapiga saruji nyembamba hapa nene pale, na fundi wa stima atachoma njia za waya anavyotaka. Kwa hiyo usiulize habari za kampuni, uliza ni vijana gani watakaokuwa pale Jumatatu asubuhi, na uone nyumba waliyojenga wao wenyewe.

Nusu kabla ya kuanza, hapana. Lipa kwa hatua: msingi, linta, paa, plasta, umaliziaji. Na ubaki na sehemu, hata asilimia 10, mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Miezi sita ni kawaida. Hakikisha mvua moja kubwa imo ndani ya hiyo miezi sita.

Baba_Utawala

Niwaambie yaliyonikuta mimi. Nilijenga Utawala 2019, kontrakta simtaji, alikuwa fundi wa maneno. Nyumba inatazama barabara, na barabara iko magharibi. Chumba chetu kiko mbele, dirisha kubwa, ukuta wa mawe wa inchi tisa. Rudi kutoka kazini Februari saa tatu usiku uguse ule ukuta kwa ndani: ni kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Jua limeupika tangu saa nane mchana, na mawe hayana haraka, yanaachia joto taratibu wakati wewe unatafuta usingizi. Tukanunua feni.

Juu ni mabati ya rangi ya makaa, chini yake dari ya jipsamu, katikati hamna kitu na hewa haina pa kutokea. Siku moja nilipanda darini mchana kurekebisha bomba la tangi, nikashuka kabla sijaliona bomba lenyewe.

Ikifika Julai mambo yanageuka. Alfajiri nyuzi 11 au 12, dari ileile inaachia joto lote liende zake, watoto wanalala na soksi na sweta, mama yao anawasha hita. Nyumba moja, feni na hita. Na sola ninayo! Kazi yake ni kulipia makosa ya kontrakta.

Mwaka jana nililaza yale mablanketi ya nyuzi za kioo juu ya dari, nikatoboa matundu ya hewa kwenye pembe za paa. Tofauti tuliisikia wiki hiyohiyo. Lingefanywa mwanzo lingekuwa rahisi mara nyingi kuliko kumwingiza fundi darini akikanyaga jipsamu.

MamaPacha

Baba Utawala umenitisha. Barabara yetu pia iko magharibi, na kile kioo kikubwa cha sebule ndicho kinaitazama. Ndiyo maana yule mama aliuliza barabara iko upande gani? Mimi nilidhani anawaza lori la mchanga litapita wapi.

Msanifu_Mvivu

Pengine aliwaza yote mawili.

Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linatupita utosini. Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo. Dirisha la kaskazini au kusini ni rahisi kulikinga: upenu wa sentimita 65 hivi unatosha kufunika dirisha la mita 1.2 saa sita mchana, hata Juni. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi jua limeshashuka, linaingia kwa ubavu, na upenu huohuo unafunika kipande cha juu tu. Saa kumi na moja ni kama haupo. Kioo cha sakafuni hadi darini upande huo ni jiko.

Habari njema ni kwamba ploti yenu imekaa vizuri. Ikiwa ile futi 40 ndiyo inayogusa barabara, kuta ndefu za nyumba zitatazama kaskazini na kusini zenyewe. Kilichobaki ni kuhamisha vitu. Mbele wekeni baraza pana, maegesho, bafu, stoo. Sebule ifungue dirisha lake kubwa kaskazini. Jihadharini na jirani wa kaskazini tu, Ruai ya leo mtu analala bangaloo anaamka na ghorofa nne ubavuni. Kwa hilo madirisha ya juu, karibu na dari, yatawapa mwanga hata akijenga.

Ramani ya kununua mtandaoni haijui barabara yako iko wapi. Na bado itahitaji msanifu aliyesajiliwa na injinia wa kuitia sahihi kabla kaunti haijaipitisha. Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025 zikaondoa zile za 1968, kwa hiyo usishangae ikirudishwa. Mkishalipa msanifu wa kuitia sahihi, mwambieni aigeuze kabisa.

Kuhusu "cheti cha kijani", waulize ni cheti gani na cha jengo lipi. Kile cha EDGE, cha IFC ya Benki ya Dunia, kinapewa jengo lenyewe, na sharti lake ni kupunguza angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji na asilimia 20 kwenye athari za kutengeneza vifaa vya ujenzi. Kampuni haiwezi kukikunja mfukoni ikakibeba kutoka jengo moja hadi jingine.

Kijana_wa_Mawe

Mnamchanganya mama wa watu. Haya mambo ni ya Wazungu wenye theluji. Nairobi hatuna baridi ya kuua mtu wala joto la Mombasa. Weka mawe ya Ndarugo, weka mabati mazuri, maisha yaendelee. Na mimi chumba changu kiko magharibi, Julai ni kitamu kuliko vyote.

Baba_Utawala

Njoo ulale kwangu Februari, ndugu. Godoro nitakupa.

Msanifu_Mvivu

@Kijana_wa_Mawe kwa kweli nusu ya maneno yako ni sawa. Kwa kuwa hali ya hewa yetu ni ya upole, nyumba ya Nairobi haihitaji vioo viwili viwili wala mashine ya kupoza hewa. Inahitaji isikosewe tu. Na hiyo ya Julai ni kweli, mawe yaliyopigwa na jua la jioni ni blanketi. Shida ni kwamba Julai ni mmoja.

JuaLinalipa

Mimi nafunga sola, leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ninayo, na bado nakwambia usianze na sola. Piga hesabu kwanza nini kinakula.

Shawa ya umeme ya kawaida inavuta kama kilowati 5. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia yuniti 0.83. Mko wanne, hiyo ni 3.3 kwa siku, karibu yuniti 100 kwa mwezi, kuoga tu. Na ukizidi yuniti 100 kwa mwezi unapandishwa kiwango cha bei. Yaani kabla hujawasha taa, friji, pasi, uko mlangoni. Kwa hiyo cha kwanza ni hita ya maji ya jua, betri baadaye. Betri ndiyo inameza pesa kwenye ile milioni 6.8, naweza kuapa.

Lakini huwezi kuchagua hita kabla ya kujua maji yatatoka wapi. Visima vya upande huo mara nyingi vina chumvi. Nimefungua tangi la hita lililotumika miaka mitatu, ndani lina ukoko mweupe mnene kama ugali ulioungua. Kama ni maji ya kisima, taka hita ambayo maji yako hayapiti kwenye vikusanyaji joto, yanapashwa kupitia mzunguko wa pembeni. Ni ghali kidogo. Kama ni ya kaunti, ya kawaida inatosha.

Kwa hiyo yule mama aliyeuliza maji hakuwa anapiga porojo. Yaweza pia kuwa alikuwa anawaza maji ya kumwagilia slabu na kuta, saruji inataka inyweshwe angalau siku saba na wengi wanaidanganya siku mbili. Wakati wa kujenga mwambie aache mabomba mawili ya kupanda paani na paipu tupu ya waya kutoka darini hadi kwenye mita. Haigharimu kitu sasa. Sola utafunga mwaka ukipata pesa, bila kupasua ukuta.

Wambui_wa_Kayole

Cha muhimu mmekipita: tafuta jina lake kwenye tovuti ya NCA kabla ya kumpa hata mia. Leseni inafanywa upya kila mwaka, wengine wanatembea na ya kitambo. Mradi nao usajiliwe na ubao usimamishwe. Ile kampuni yenye ofisi nayo itafute vilevile, ofisi si leseni.

MamaPacha

Nimerudi. Jina la yule mama lipo NCA, leseni ni ya mwaka huu. Kampuni ya kwanza ipo pia, ila nilipowauliza cheti ni cha jengo lipi waliniambia watanitumia kwa WhatsApp. Leo siku ya nne.

Jumapili tulienda Ruai saa kumi jioni, mimi na baba pacha. Nilisimamisha mti mahali sebule itakapokuwa. Kivuli chake kilikuwa kirefu kuliko mti wenyewe na jua lilikuwa linatuchoma usoni. Baba pacha alisimama pale akiwa amejikinga kwa mkono, hakusema kitu. Tulipofika garini akasema, "Mpigie yule mama."

Nikampigia. Niliomba kuona nyumba aliyojenga ambayo watu wanaishi ndani, si ile inayopakwa rangi. Ametupa ya Kamulu, mwenyewe amekubali tufike Jumamosi saa tisa alasiri. Nimemwomba atuonyeshe darini. Alicheka, akaniuliza nani amenifundisha. Msanifu tumepata, ataigeuza ramani, na Mpima Bei nitakutafuta faraghani kwa ile BQ.

Swali moja tu limebaki: binamu tumwambieje? Baba pacha anataka tumpe ukuta wa ploti na geti.

MzeeWaKaloleni

Mpeni ukuta. Lakini simiti nunueni nyinyi, na mzihesabu mifuko jioni.