Bi mkubwa (76) kila kliniki anaongezewa dawa, sasa anapepesuka. Tuanzie wapi?

Wakuu, habari za humu. Bi mkubwa ana presha na kisukari. Dawa: amlodipine, losartan na hydrochlorothiazide (ya kukojoesha) za presha, glibenclamide ya sukari, na diclofenac ya maumivu ya magoti. Kwa daktari anakaa dakika chache, kidonge kinaongezwa, basi. Alfajiri akiinuka anapepesuka. Dirishani nako nusu ya dawa anaambiwa akanunue nje. Naomba kuwasilisha.

Tabibu wa Zamu:
Mpimeni presha kwa mikao miwili. Alale dakika 5, pima. Asimame huku mmemshika, pima dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, presha inaporomoka akisimama. Kliniki mara nyingi huwapima wakiwa wameketi tu, ndiyo maana haionekani. Andikeni namba zote kwenye daftari lake.

Famasia Mtaani:
Mimi naiogopa zaidi hiyo glibenclamide. Kwa mzee hukawia mwilini, figo zikichoka ndiyo kabisa. Akilala bila kula, sukari inashuka. Akipepesuka pimeni sukari: ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, rudieni kipimo baada ya dakika 15, kisha ale uji na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana hushuka tena.

Diclofenac juu ya losartan na dawa ya kukojoesha inaumiza figo. Iwekeni kando, muulizeni daktari kuhusu paracetamol, na muombe kipimo cha kreatinini (cha damu, kuona figo zinavyofanya kazi). Za presha msizikatishe wenyewe.

Dawati la Ustawi:
Kwa Tanzania, Sera ya Wazee ya 2003 inaanzia miaka 60, ila msamaha wa malipo ni kwa mzee asiyejiweza, si kila mwenye mvi. Chukueni barua ya mtendaji wa mtaa, mpitie Ustawi wa Jamii hapo hospitalini kabla ya kufika kwa keshia. Wengi hukwama kwa kuruka rufaa. Dawa ikikosekana, mfamasia aandike "haipo" kwenye cheti, mkipeleke kwa mganga mfawidhi (mkuu wa hospitali).

Mleta uzi:
Tumepima. Amelala 152/84, dakika ya 1 118/70, ya 3 121/72. Sukari 6.1.

Tabibu wa Zamu:
Imeshuka 34. Msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni kesho na dawa zote kwenye mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo. Usiku huu akitaka kwenda chooni aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, na mtu awe karibu.