Naomba ushauri: chatu wa miti wa kijani amegoma kula, gamba linatoka vipandevipande

Mdadisi wa Matawi
Wakuu, habari zenu. Ninafuga chatu wa miti, yule Morelia viridis. Bado ni mdogo, rangi yake ingali ya njano. Alizaliwa kwa mfugaji, hakukamatwa porini, na kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) kipo. Siku hizi anakataa panya. Amejivua gamba vipandevipande, na karibu na ncha ya mkia kimebaki kipete cha gamba kuukuu. Kwa kuwa asili yake ni misitu ya mvua ya New Guinea, nampulizia maji asubuhi, mchana na jioni, na kioo cha kizimba chake hakikauki. Je, niongeze maji? Na nimshikeshike ili anizoee? Nampenda sana huyu mnyama, sitaki ateseke. Nasubiri michango yenu.

Bibi Magamba
Pole mkuu. Maji usiongeze kwanza. Kioo kulowa hakukwambii hali ya pale anapolala. Je, fito lake liko umbali gani na taa ya joto? Weka kipimajoto na kipima unyevu usawa wa mwili wake, kisha utuletee majibu.

Mdadisi wa Matawi
Nimepima. Pale anapojikunja ni nyuzijoto 34, na unyevu ni asilimia 38. Chini kwenye sakafu ni asilimia 90.

Bibi Magamba
Basi tatizo ni hilo. Chini kumejaa maji, juu kumekauka, na yeye hashuki. Nyuzi 34 ni nyingi mno kwake. Upande wenye joto uwe 29 hadi 31, upande wa baridi 25 hivi, na taa iongozwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Muwekee fito jingine upande wa baridi ili achague mwenyewe.

Kuhusu maji: mpulizie vizuri jioni, kisha acha kizimba kikauke kabla ya kupulizia tena. Msituni mvua hukatika na upepo ukapita. Kizimba kisichokauka na kisicho na hewa huleta vidonda vya ngozi na maradhi ya mapafu. Usiogope kwamba atakosa maji ya kunywa, hawa hufyonza matone yaliyotuama kwenye mikunjo ya miili yao. Ila bakuli la maji safi liwepo. Macho yakianza kufanya ukungu, ujue anakaribia kujivua gamba, hapo ndipo uongeze unyevu kidogo.

Hicho kipete kilowanishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi kilainike, usikivute kikiwa kikavu. Kikikaa muda mrefu kinabana damu, na ncha ya mkia hufa. Gamba likibaki kwenye jicho usiliguse kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Fundi Fito
Nyongeza kwenye mafito: yalale mlalo, na unene wake ulingane na unene wa mwili wake. Yafunge kwa namna ya kuchomoleka. Ukitaka kusafisha, unatoa fito na nyoka akiwa juu yake. Kumshikashika achana nako, hasa akiwa mdogo hivi. Uti wa mgongo wake ni laini, na ukimbandua kwa nguvu unaweza kumvunja mkia. Hana sumu, ndiyo, lakini meno ya mbele ni marefu na anang'ata kweli.

Mlinzi wa Usiku
Mimi nizungumzie chakula. Rekebisha joto kwanza, umwache atulie, ndipo ujaribu. Kisha mchunguze usiku taa zikiwa zimezimwa. Akiwa ananing'iniza kichwa na kutikisa ncha ya mkia polepole, anawinda. Wadogo huutumia mkia kama chambo. Mpe panya mdogo aliyekufa, aliyepashwa kwenye maji ya moto na kukaushwa, kwa koleo refu. Midomoni ana vishimo vinavyohisi joto, hivyo panya wa baridi anaweza asimjali kabisa. Na asiwe mnono kupita kiasi, kwa sababu hawa hula kwa nadra na ukiwashindilia wanapata matatizo ya choo, wengine utumbo wa nyuma hutoka nje.

Mdadisi wa Matawi
Asanteni sana wakuu. Nashusha joto leo na kuongeza fito la pili. Dalili gani zinifanye nimkimbize kwa daktari bila kusubiri?

Bibi Magamba
Akikaa mdomo wazi, akitoa mapovu au kamasi, akipumua kwa mluzi, au akianza kulala sakafuni mchana. Ukiona hata moja, mpeleke siku hiyohiyo, na umweleze daktari vipimo vya joto na unyevu vya pale fitoni.