Eti "unanizibia feni"! Lile banda la gemu la Mwanga limekufa, na aliyeliua mnamjua

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine. Mkono unatetemeka, simu yenyewe naiona mbili.

Nimetoka sasa hivi Mwanga, kwenye lile banda. Msiniulize banda gani. Kama umekulia Kigoma na unauliza banda gani, wewe umeshuka na treni ya juzi, pita kimya kimya. Na ninayemlalamikia simtaji. Ni yule yule, wa kofia ya sufu kwenye jua la saa nane mchana.

Nimeenda na mwanangu, ana miaka minane. Huyu mtoto nimemhadithia lile banda kabla hajaota meno. Asubuhi nimempigia shati pasi kama tunaenda Idi. Tunaingia ndani: TV za chogo hamna. Pedi za PS2 hamna. Lile benchi lililokuwa linabana makalio hamna. Ukuta mzima madubwi, zile mashine za kamari, yanawaka taa kama pikipiki ya kubebea bibi harusi, na watu wazima wamesimama wanayalisha sarafu za mia mbili. Hakuna anayecheka. Banda la gemu, wakuu, na hakuna anayecheka!

Nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Kaka, zile gemu mmezihamishia wapi?"

Kichwa hakuinua. Akasema: "Mzee, kama huchezi sogea, unanizibia feni."

Unanizibia feni.

Mimi! Mbele ya mtoto! Mimi ambaye hela zangu za maandazi za darasa la nne mpaka la saba zimeishia mle. Bati mbili za upande wa choo ni zangu kabisa, nikiamua nazing'oa usiku wa leo.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mia mbili mechi moja, tatu bila unanyanyuka, hata kama ndiyo kwanza umekaa. Kwenye ile Winning Eleven ya 2006, gemu la mpira, Inter ilikuwa haichukuliwi mara mbili mfululizo, sheria ya banda, kwa sababu ya Adriano. Jamaa anapiga kutoka katikati ya uwanja, mpira unaingia na kipa wake. Na mimi nimekua nikijua Liverpool jina lake la ubatizo ni Merseyside Red na Chelsea ni London FC, kama magemu yale yalivyoziita, siku nilipobishana na mwalimu nikatolewa nje. Umeme wenyewe wa majenereta, hatukuwa na gridi ya taifa. Ukikatika dakika ya themanini, yule mzee wa zamani anakata kesi palepale: aliyekuwa anaongoza atacheza bure ukirudi. Sijawahi kuona mtu anakata rufaa. Na ukija na sare ya shule hupiti mlangoni, unarudishwa na fimbo ya feni mbovu.

Sasa huyu anakuja kuniambia namzibia feni! Leo, ndani, kuna kitoto cha sare kimejibanza pembeni ya dubwi kinahesabu sarafu. Hicho hakizibi feni. Naziba mimi.

Tumetoka. Hatua kama ishirini mtoto ananishika mkono: "Baba, lakini ile feni mbona ilikuwa haizunguki?"

Nimekaa kwenye kigoda cha muuza kahawa naandika huu uzi. Sina swali. Nimechukia tu.

Mla Mawese

Pole sana mkuu. Kwani una upana gani? Weka picha tupime kama feni ilizibika au haikuzibika, tusihukumu upande mmoja.

Reli Imeishia Hapa

Bati mbili za upande wa choo, hahahaha! Mkuu, nimeshakujua. Wewe si ndiye uliyekuwa unapigwa tatu bila kabla ya mapumziko halafu unasingizia pedi? "Kitufe cha mraba hakibonyezeki." Kila siku kitufe cha mraba.

Mgebuka Mkavu

Kitufe cha mraba kilikuwa kibovu kweli, na mashahidi ninao. Mada ni feni.

Binti wa Bangwe

Nyie mnalia leo? Sisi wasichana tukisimama tu mlangoni tulikuwa tunaambiwa tunaleta mkosi, fulani kafungwa kwa sababu yetu. Mimi nimeambiwa nazuia mwanga tangu darasa la tano na sikuona mtu anafungua uzi. Wewe umeambiwa unaziba feni mara moja, unaomba kigoda.

Dagaa wa Mbalamwezi

Kuna kitu mnajisahaulisha. Huyo wa kofia si ndiye yule dogo tuliyekuwa tunamtuma maji? "Kalete maji, mechi ya mwisho yako." Analeta maji, jenereta linazimwa. Kesho tena. Miaka ile yote sikumbuki kumwona ameshika pedi. Jamaa alikuwa anatusubiri mmoja mmoja.

Reli Imeishia Hapa

Duh. Mimi nilimtuma na maandazi.

Mgebuka Mkavu

Sasa mtoto wangu anahusikaje na maji ya 2007?

Wakili wa Kibirizi

Niseme kidogo kisheria. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kwenye mambo ya dubwi. Yule wa sare umemwona vizuri. Lakini wewe mwenyewe, kwa maandishi yako, umeeleza kwamba umeingia na wa miaka minane, na shati umempigia pasi.

Mla Mawese

Kajipeleka mwenyewe, na vielelezo juu.

Mgebuka Mkavu

NILIDHANI NI GEMU!!! Hamsomi? Kaniambia NAMZIBIA FENI!

Chai Haina Sukari

Chai. Mtoto wa miaka minane haulizi swali la akili namna hiyo. Ya feni kutozunguka umeitunga kwenye kahawa.

Fundi Redio

Mnamwonea tu huyo wa kofia. Sony wenyewe waliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013. Nimekaa na ndoo nzima ya pedi hapa kwangu, mipira imeisha, memori kadi zimekufa, na wenyewe hawaji kuzichukua. Ndoo nzima. Kuna mtu humu ananidai pedi yake na mimi namdai elfu tatu ya ufundi tangu hajaoa. Anajijua.

Binti wa Bangwe

Fundi, na pasi ya mama yangu ipo kwenye ndoo hiyo hiyo?

Mwana wa Ziwa

Hivi nyie mnalilia TV ya chogo wakati watu tunalilia Liemba? Meli imetengenezwa Ujerumani 1913. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ilikaa chini ya maji ikafufuka! Nyie mmeshindwa kufufua PS2 iliyokaa kwenye ndoo.

Mla Mawese

Burudani pekee iliyobaki ni kwenda uwanja wa Lake Tanganyika kuwaangalia Mashujaa, basi.

Lunyasi wa Gungu

Uwanja mtakatifu ule. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba moja, Yanga bila. Lwanga, dakika ya 79. Mji mzima ulijaa, mimi nilimpisha mgeni kutoka Dar kitandani kwangu nikalala jikoni, na nilikuwa na furaha.

Jangwani Ujiji

Mmeshinda mkiwa kumi na moja dhidi ya kumi, mnajisifu. Mukoko asingetolewa kipindi cha kwanza mngeondoka na dagaa tu.

Lunyasi wa Gungu

Kiwiko kile kilikuwa cha kuchekesha watoto? Kadi halali.

Mgebuka Mkavu

Halali ya wapi? Mimi nilikuwa jukwaani, nimekaa usawa wa tukio, nimeona kwa macho haya. Ile ilikuwa kadi ya njano, tena njano ya kubembelezwa. Na nyie watu mkishinda moja bila mnaongea miaka kumi. Hebu nitajie mechi yoyote…

Lunyasi wa Gungu

Usawa wa tukio! Huyu ndiye yule wa kitufe cha mraba!

Jangwani Ujiji

Mwache mleta uzi aseme, leo anaongea pointi.

Mgebuka Mkavu

Asante mkuu. Narudi na mpangilio mzima wa dakika ya 40 mpaka ya 45, ngoja nimpeleke mtoto nyumbani.

Katubuka Vifaa

Nimesoma kichwa cha uzi tu. Feni ya mezani au ya juu? Ninazo mbili, moja inazunguka.