Mlango wa kabati umeungwa kipande kipya, rangi haifanani: nipake nini?

mlango_wa_sinki: Wakuu, naomba ushauri. Mlango wa kabati la chini ya sinki ulioza ukingo. Nimekata sehemu mbovu nikaunga kipande kipya cha mvule, na ukipapasa kwa kidole huusikii muungo. Lakini kipande ni cha manjano na mlango ni kahawia iliyokolea. Nichague lipi: rangi ya kupenya ndani ya mbao kisha vanishi klia (isiyo na rangi), vanishi yenye rangi ndani yake, au nikwangue milango yote nianze upya?

randa_kali: Kukwangua yote achana nako, labda kama milango yote imechakaa. Kabla ya kulinganisha chochote, osha mlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uache ukauke kabisa. Mafuta ya kupikia hujenga utando, na mtu huishia kufananisha rangi na uchafu.
Halafu kumbuka mvule mpya huwa wa manjano, mwanga ndio unaougeuza kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Ukilinganisha sawasawa leo, baadaye kipande kitaupita mlango kwa weusi. Mimi huacha kipande kiwe chepesi kidogo.

Mama_Msasa: Kati ya mbili zilizobaki, mimi nasimama na vanishi yenye rangi, kwa kazi ya kipande kidogo kama hiki. Rangi ya kupenya ikishakolea kupita kiasi, dawa yake ni msasa tu. Vanishi yenye rangi unapaka mkono (tabaka) mmoja mwembamba, unasubiri ikauke, unatazama, unaongeza. Ubaya wake ni kwamba mikono ikizidi, mistari ya mbao inafifia, na ikikwaruzwa weupe unatokea.

seremala_mkimya: Dada, hapo kwenye kukwaruzwa ndipo ninapopingana nawe. Mlango wa sinki hugongwa na kulowa kila siku. Mimi ningepaka ya kupenya, nyepesi kuliko inavyotakiwa, nimalizie kwa mkono mmoja tu wa vanishi yenye rangi, kisha klia juu. Futa kipande kwa kitambaa chenye tapentaini: kikiwa bado kibichi, rangi unayoiona inakaribia sana ile ya vanishi klia peke yake. Utajua una pengo kiasi gani. Na kichwa cha mbao, yaani ncha ambapo nyuzi zimekatwa, kipige msasa laini zaidi ya ubavu, maana hunywa rangi nyingi kikawa cheusi.

Mama_Msasa: Hiyo ya kuchanganya naikubali. Niongeze jambo lililoniumiza: nilijaza matundu ya skrubu kwa puti, nikapaka rangi, kila tundu likabaki doa. Puti hainywi rangi kama mbao, na gundi iliyomwagika nayo huizuia isipenye. Siku hizi najaza mwishoni, kwa puti iliyokwisha tiwa rangi.

mlango_wa_sinki: Nimerudi. Nilichukua kibakishi cha mbao ileile, nikakigawa vyumba vinne kwa tepu, kila chumba na mchanganyiko wake hadi klia ya mwisho. Nje mchana cha pili kilifanana kabisa. Jikoni usiku, chini ya taa, kikageuka chekundu. Cha tatu kilikubali kote kuwili, nacho ni ule mpango wa seremala. Kilichobaki ni mng'ao: mlango umefifia, kipande kinawaka.

seremala_mkimya: Mkono wa mwisho paka klia isiyong'aa sana, mlango mzima, baada ya kuukwaruza kidogo kwa msasa namba 320.