Gumzo la Ukoo: Nywele za Rahma

Rahma (Unguja): Assalaam alaykum jamaa wote, na wakubwa zangu nawaamkia shikamoo. Naomba ushauri. Nywele zangu, kama mjuavyo, ni za singa, tena nyembamba mno, na zimekwama chini kidogo ya mabega, haziteremki zaidi. Nikiziosha asubuhi, ikifika jioni ya pili utosi umeshang'aa na nywele zimenata kichwani kana kwamba nimemwagiwa samli, ilhali ncha zimekauka na kupasuka. Nami nataka zifike kiunoni.

Bibi (anaandikiwa na Yusra): Waalaykum salaam. Marahaba, mke mwenzangu. Sisi tulipakwa mafuta ya nazi kila usiku, tukasukwa, tukafungwa kilemba, na asubuhi tukafumuliwa. Nywele zilifika kiunoni bila kununua chupa hata moja ya dukani. Wewe huzipaki mafuta, ndiyo maana.

Rahma: Nazipaka, Bibi, kuanzia utosini kama ulivyonielekeza, na ndipo zinapozidi kunata.

Ami Salim: Mimi nauliza jambo moja tu: foronya zenye madoa ya mafuta zitafuliwa na nani?

Shangazi Zuhura (Mombasa): Salim, subiri kidogo. Bibi, shikamoo. Kwa heshima yako naomba niseme ninayoyaona kila siku saluni. Nywele zako wewe ni nzito na zina mawimbi, kwa hiyo mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hupata taabu kuteremka katika yale mapindo, na mtu wa namna hiyo huhitaji kuongezewa mafuta kwa mkono. Nywele za Rahma zimenyooka, na kila unywele ni mwembamba, hivyo mafuta huteleza moja kwa moja kutoka kwenye shina, na kiasi kidogo tu kinatosha kuugandisha unywele na mwenzake. Ukimwongezea mengine utosini, unamzidishia alichonacho tayari. Ncha zake ndizo zenye njaa.

Rahma: Sasa nioshe mara ngapi, Shangazi? Rafiki zangu wameniambia kwamba nikiosha mara kwa mara ngozi itatoa mafuta mengi zaidi ili kufidia.

Mama Mdogo (Maskati): Hilo nalisikia kila wiki hapa duka la dawa. Tezi za mafuta huongozwa na homoni, ndiyo maana mtoto mdogo hana shida hii na kijana anayo. Hazijui kwamba umeoga. Kuosha huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka, basi. Osha kila baada ya siku moja, na ukitoka jasho jingi chini ya ushungi, osha hata kila siku kwa shampuu nyepesi. Mafuta yakilala kichwani, kuna aina ya kuvu waishio kwenye ngozi ya kila mtu ambao huyala na kuongezeka, na hapo ndipo mba hupata nguvu. Mtu mwenye mba kupakwa mafuta utosini ili utulie ni kuwaandalia karamu.

Shangazi Zuhura: Namna ya kuosha nayo ina maana yake. Shampuu iende kwenye ngozi tu, uisugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na povu linaloteremka wakati wa kusuuza litatosha kusafisha urefu uliobaki. Kondishena ianzie usawa wa masikio kwenda chini, isiguse utosi kabisa. Usizirundike nywele zote kichwani na kuzifikicha kama unavyofua nguo, kwani unywele mwembamba uliolowa huvutika, kisha hukatika. Zikamue kwa taulo bila kusugua, ziache zipungue maji, ndipo uchane kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu kidogo kidogo.

Rahma: Mimi huanzia juu.

Shangazi Zuhura: Wengi huanzia juu. Fundo lote huteremshwa hadi chini, kisha huvutwa kwa nguvu.

Mama Mdogo: Rahma, kabla hatujaendelea, fanya jambo moja. Okota nywele zilizobaki kwenye kitana na uzitazame mwishoni. Zenye kijivimbe cheupe upande mmoja zimetoka kwenye shina baada ya kumaliza umri wake, na mtu kupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Zisizo na kijivimbe, na ambazo ni fupi, zimekatika njiani.

Rahma: Nimezitazama. Nyingi ni fupi na hazina kijivimbe.

Mama Mdogo: Basi nywele zako hazijagoma kukua. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, yaani takribani 12 kwa mwaka, na zako zinakua hivyo hivyo, ila chini zinakatika kwa kasi ile ile. Fikiria kwamba ncha unazozishika leo zilitoka kichwani miaka mitatu iliyopita. Zimeshapitia jua, vibanio na maji ya kisima muda wote huo. Kutoka hapo hadi kiunoni umebakiza kama sentimita 30, na hata zisipokatika hata kidogo, hiyo ni kazi ya miaka miwili na nusu. Anayekuuzia chupa ya kuzikuza kwa mwezi mmoja anakuuzia chupa.

Bibi: Kwa hiyo mafuta yangu ya nazi yametupwa jalalani.

Mama Mdogo: Hasha, Bibi! Nazi ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele wenyewe, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Tunachobadilisha ni mahali na wakati. Ayapake kuanzia mabegani kwenda chini, matone machache, saa moja kabla ya kuosha, kisha aoshe. Yasilale naye.

Ami Salim: Alhamdulillahi.

Bibi: Na mkunazi?

Mama Mdogo: Mkunazi uko pale pale. Huku Omani unga wa majani yake unauzwa sokoni mpaka leo, na lile povu lake husafisha kweli bila kukausha sana. Ila kwa nywele nyembamba, unga uchungwe vizuri na usuuzwe kwa maji mengi, la sivyo utabaki kichwani.

Rahma: Na hina? Naona huwafanya watu wawe na nywele nene.

Shangazi Zuhura: Hina halisi hushikamana na unywele na kuufanya uhisike mnene, na hupunguza ule unato, lakini ncha zako tayari ni kavu, na hina huzikausha zaidi. Ipake kwa nadra, juu tu. Ile iitwayo hina nyeusi usiiguse. Huchanganywa na kemikali za rangi zinazoweza kuibabua ngozi, na nimeona paji la uso lililovimba hadi macho yakafumba.

Kuhusu ushungi: usiufunge nywele zikiwa mbichi, na usibane fundo kwa mpira mkavu mahali pale pale kila siku, maana nywele za kandokando ya paji huondoka polepole na huenda zisirudi. Suka msuko mmoja uliolegea. Kofia ya ndani ya ushungi na foronya zifuliwe kila wiki, kwani mafuta yaliyoingia humo hurudi kichwani siku unayotoka kuosha.

Ami Salim: Nimelisema hili tangu mwanzo wa mazungumzo.

Mama Mdogo: Jambo la mwisho. Ukiona njia ya katikati ya nywele inapanuka, au zinatoka kwa mashada zenye vijivimbe, nenda ukapime damu, madini ya chuma na tezi ya shingo kabla ya kununua vidonge. Biotini, ile vitamini ya kwenye vidonge vya nywele, kwa mtu asiyepungukiwa nayo haina faida kubwa, na ikiwa nyingi huvuruga majibu ya maabara, hasa ya tezi hiyo hiyo. Nina maswali mengine ya kike ambayo nitakuuliza pembeni, Salim asije akachangia.

Rahma: Ahsanteni nyote. Ncha zilizopasuka nizikate?

Shangazi Zuhura: Zikate sentimita 2 sasa, halafu nusu sentimita kila miezi minne. Kukata hakuharakishi kukua, kwa sababu nywele hukua kutoka shinani, ila huzuia mpasuko usipande juu. Usitumie mkasi wa jikoni.

Bibi: Jumamosi njoo kwangu, mke mwenza. Nazi nitakukamulia mwenyewe, na mkasi wangu wa kushonea una makali. Nitapaka huko chini tu, kama walivyoamuru wataalamu wa Maskati.