Tupeane uzoefu: mliowahi kutembezwa nyuma ya pazia kwenye bustani za burudani, nini hamjasahau?

Mwana wa Fundi
Wakuu habari zenu. Jana napangua begi la zamani nikakuta kibeji chenye jina la mzee wangu, kile alichovaa siku ile tulipotembezwa Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, ile ziara yao ya miguu inayoitwa Keys to the Kingdom. Nikakaa chini na kazi ya kupangua ikaishia hapo hapo. Nimeona nilete hapa, najua sipo peke yangu.

Mzee wangu ni fundi umeme tangu ujana wake. Siyo mtu wa bembea wala wa kupiga picha na Mickey. Nilimpeleka kwa sababu nilisikia ni kama saa tano za kutembea huku mnaelezwa vitu vinavyofanya kazi, nikasema hapa ndipo pake. Mwanzoni kule juu alikuwa anafuata tu kwa adabu. Mtembezaji anatuonyesha majina yaliyoandikwa kwenye madirisha ya ghorofani, kumbe mengi ni ya watu waliojenga ile bustani, anatuonyesha ghorofa za juu zilivyojengwa ndogo kuliko ya chini ili jicho lidanganyike lione jengo refu, na kasri nalo hivyo hivyo, halina tofali hata moja, ni chuma na zege na faibaglasi, urefu wake mita 57 na kidogo lakini ukisimama mbele yake unaapa linagusa mawingu. Mzee anaitikia tu mhm, mhm.

Tulipoingia kwenye mahandaki wanayopita wafanyakazi ndipo akachangamka. Kuta zimepakwa rangi za kukuelekeza uko wapi, vigari vya umeme vinapita, wafanyakazi wengine wana nguo za maharamia wengine wana ovaroli, na ukiinua kichwa unaona kila kitu kinachoendesha kule juu, nyaya, mabomba ya maji, na lile bomba la taka ambalo taka zinavutwa kwa hewa mpaka mwisho wa bustani bila mgeni kuona gari la taka hata siku moja. Mzee akasimama. Kundi likaondoka yeye bado kainua uso anafuata nyaya kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikamvuta mkono twende, akaniambia, "Mwanangu, aliyepanga hizi alimfikiria yule atakayekuja kuzitengeneza." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Miaka yote ile anaingia kwenye dari za watu anatambaa kwenye vumbi kutafuta waya ambao aliyeufunga hakujali, mimi nilikuwa sijawahi kuifikiria hiyo kazi kwa upande wake.

Na picha sina. Ukivuka mlango wa nyuma simu haitoki mfukoni, ni sheria. Nimebaki na kibeji tu.

Haya, nanyi leteni.

Chausiku
Hapo kwenye nyaya umenimaliza aisee.

Mpima Viwanja
Uzi mzuri ila naomba nirekebishe kabla watu hawajaondoka na picha mbaya. Yale mahandaki hayako chini ya ardhi. Florida ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo walijenga mahandaki kwanza juu ya ardhi ya kawaida halafu udongo waliouchimba kutengeneza lile ziwa la mbele wakaufukia pembeni na juu. Wewe mgeni unapotembea kwenye barabara ya maduka uko ghorofa ya pili bila kujua.

Mzungukaji
Mkuu nani kasema chini ya ardhi? Kasema "tulipoingia". Soma kwanza.

Mpima Viwanja
Ameandika "kule juu" mara mbili. Watu wataelewa ni shimo.

Mzungukaji
Unashuka ngazi, ulikotoka panaitwa juu. Mimi nimepita mle mwenyewe na nimeshuka ngazi kwa miguu yangu.

Mpima Viwanja
Sibishani kuhusu ngazi. Nasema mnapoteza sehemu tamu ya habari yenyewe, kwamba bustani nzima imekalia paa la kitu kingine. Mimi hilo ndilo lililonifanya nisimame. Na sababu yake ni kwamba Disneyland ya California iliyofunguliwa 1955 haikuwa na mtandao wa namna hiyo, inasimuliwa Walt Disney alimwona mfanyakazi wa upande wa bustani wenye mambo ya wachunga ng'ombe anakatiza upande wenye mambo ya dunia ya kesho na nguo zake zile zile, ikamuudhi. Akataka Florida isiwe hivyo. Alifariki 1966, bustani ikafunguliwa 1971, hakuiona.

Chausiku
Hilo la kutoiona nililiwaza njia nzima siku ile.

Mama Pacha
Mwana wa Fundi umenitoa nilikojificha. Nina jambo sijawahi kuliandika popote, na nikianza naomba mniache nimalize.

Bustani siitaji jina. Ilikuwa ziara ya asubuhi kabla mageti hayajafunguliwa, mnapitishwa karakana kwanza, mnaonyeshwa gari la rola kosta, ile treni ya kupanda na kuporomoka, limeinuliwa juu mnaona magurudumu yake, yapo yanayokaa juu ya reli, yapo ya ubavuni, na yapo ya chini ya reli ambayo ndiyo yanayolishikilia lisiruke. Nikashika kwa mkono, nilifurahi sana. Halafu wakasema anayetaka apande ngazi za mafundi pembeni ya reli mpaka kileleni, pale ambapo treni inavutwa na mnyororo kabla ya kuporomoka. Kabla ya kupanda kila mmoja wetu akapewa kufuli jekundu na ufunguo wake, tukapelekwa kwenye swichi kubwa ya umeme iliyozimwa, kila mtu akafunga kufuli lake pale pale juu ya mengine, tukaambiwa ufunguo weka mfukoni na usimpe mtu. Nilidhani ni mbwembwe za kufurahisha wageni.

Mimi urefu unanitisha tangu utotoni. Nilijua. Lakini mume wangu alikuwa mbele na watoto wangu wakubwa wawili nyuma, nikasema leo sibaki chini. Zile ngazi sakafu yake ni wavu wa chuma, unaona miti chini ya viatu vyako, na kadiri unavyopanda miti inageuka kuwa majani tu. Nilipofika kama theluthi mbili mikono ikashika bomba la pembeni ikakataa kuachia. Siyo kwamba niliamua kusimama. Niliiambia mikono iachie, ikagoma. Magoti yanatetemeka mpaka ngazi inalia. Na pale ndipo nikasikia mlio kwenye reli, ka, ka, ka. Chini kule tulikuwa tumeelezwa kwamba ule mlio wa rola kosta inapopanda ni ulimi wa chuma unaoangukia kwenye meno ya reli ili treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Kwa hiyo kichwani mwangu ilikuwa moja tu, wamewasha, treni inakuja, na sisi wote wanne tuko hapa. Nikapiga kelele. Nililia kwa sauti ambayo wanangu hawajawahi kuisikia kwangu na wale wa nyuma wakaanza kushuka wanasukumana.

Fundi aliyekuwa mwisho wa msafara, mama mtu mzima, akawapisha wote akaja akakaa kwenye ngazi ya chini yangu. Hakunishika. Akaniuliza, ufunguo wako uko wapi? Nikasema mfukoni. Akasema ushike. Nikasema siwezi kuachia mkono. Akasema basi uguse kwa kiwiko juu ya nguo, upo? Nikaugusa. Upo. Akasema, "Basi kufuli lako bado liko pale chini, na mpaka wewe mwenyewe uende ukalifungue hakuna mtu wa kuiwasha hii treni, si mimi, si bosi wangu." Akaniambia yeye kila asubuhi anapanda hapa kukagua reli na anafunga lake vile vile, na ule mlio ni upepo unagongesha mnyororo uliolegea. Tulikaa pale muda mrefu. Halafu tukashuka kinyumenyume, yeye chini mimi juu, ananitajia mguu, kulia, kushoto, kulia. Tulipofika akanipeleka kwenye swichi, yangu na yake tu ndiyo yalikuwa yamebaki. Nikalifungua langu kwa mkono wangu. Wanangu walikuwa wamesimama kimya pembeni.

Chausiku
Dada yangu. Nimesoma nimesimama.

Baba Zuwena
Hili la kufuli ni kweli kabisa, sisi kiwandani tunafanya hivyo hivyo. Mafundi watano kwenye mashine moja, makufuli matano. Anayetoa la mwenzake hana kazi kesho.

Mwendo Kasi
Pole Mama Pacha, lakini tuseme ukweli, ukijijua una hofu ya urefu usipande. Unaharibu ziara ya watu kumi na mbili waliolipa. Mimi niliwahi kuwa nyuma ya mtu wa hivyo na tulirudishwa chini wote.

Mzungukaji
Na wewe ukafa? Ulirudi nyumbani mzima. Mtu anasimulia alivyokaribia kuzimia unamletea habari za tiketi.

Mwendo Kasi
Sijamtukana mtu. Nasema watembezaji wawaulize watu mapema na watu wajibu kweli.

Mama Pacha
Waliuliza. Nilijibu sina shida. Kwa hilo Mwendo Kasi ana haki na wale waliokuwa nyuma yangu niliwaomba radhi mmoja mmoja siku ile ile.

Vazi la Dubu
Mimi niko upande wa pili wa pazia. Nilivaa vazi la mhusika miaka miwili, bustani nyingine kabisa, nayo sitaitaja. Mle ndani ya kichwa joto halielezeki, jasho linaingia machoni huwezi kufuta, kwa hiyo ukitoka mbele ya watoto unaingia mlango wa nyuma unavua kichwa unakaa kwenye kreti la plastiki unahema. Siku moja wakapitisha ziara pale bila kututaarifu, na ile ziara ilikuwa inaruhusu watoto. Mtoto wa kike miaka minne hivi, ambaye nusu saa kabla nilikuwa nimemkumbatia kule mbele, akaniona nimekaa na kichwa kiko kati ya miguu yangu. Akanyamaza kwanza. Halafu akauliza mama yake, "Amemfanya nini?" Sikuweza kukivaa tena mbele yake wala kukificha. Ni miaka tisa sasa na sura yake naiona. Ndiyo maana nikisikia ile ya Mwana wa Fundi wanachukua kuanzia miaka 16 tu, nawaunga mkono kabisa.

Chausiku
Wanangu wanalalamika sana kuhusu huo umri, leo nitawasomea hii.

Mzungukaji
Mimi napinga kidogo. Mwanangu wa miaka kumi ndiye angefaidi mambo ya magurudumu na makufuli kuliko mimi. Watenganishe, karakana watoto waingie, vyumba vya wahusika wasiingie.

Vazi la Dubu
Hilo nalikubali.

Sikujua
Samahani naingilia, mimi naenda mwezi ujao kwa mara ya kwanza. Nivae nini?

Baba Zuwena
Raba ulizozizoea. Mpya usithubutu.

Mwendo Kasi
Raba zinachemsha miguu saa tano hizo. Vaa sandali zenye mkanda nyuma.

Mzungukaji
Sandali karakana hawakuruhusu, wengi wanataka kiatu kilichofunika vidole. Na nenda msalani kabla hamjaanza hata kama hujisikii.

Chausiku
Maji chupa moja. Mbili zitakurudisha kwenye tatizo la Mzungukaji.

Mpima Viwanja
Kaa karibu na mtembezaji. Wanakupa kifaa cha sikioni lakini mambo matamu wanayasema wakiwa wanatembea kati ya kituo na kituo. Na uliza maswali ya kazi, siyo ya siri za mastaa.

Mwendo Kasi
Kaa nyuma, hakuna anayekuharakisha.

Tumaini la Bahari
Naongeza la kwangu fupi. Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney hapo hapo Florida, ilifunguliwa 1998, ndani yake wana kijiji wamekiita Harambe. Mimi nilichukua ile ya kutembea porini, wanakufunga mikanda kama mpanda milima, unapita daraja la kamba mbao zimeachana na chini yako kuna mamba wa Nile wamelala. Mtembezaji akatusalimia kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiswahili, akashtuka mpaka akasahau alichokuwa anataka kusema. Njia nzima akawa ananiuliza maneno, hili linatamkwaje, hili nimelikosea? Alikuwa anataka kwa dhati kuyasema sawa. Yale mamba siyakumbuki vizuri, namkumbuka yeye anarudia "kiboko" mpaka ikakaa.

Chausiku
Mama Pacha nina swali, kama halikuumizi. Uliwahi kuipanda ile rola kosta?

Mama Pacha
Niliipanda. Siku ile ile mchana, mageti yamefunguliwa, na wanangu wawili mmoja kila upande. Tulipofika pale nilipokwama nilifumbua macho makusudi nikaziangalia zile ngazi zikipita. Mlio ule, ka, ka, ka, nikauhesabu. Kileleni nilifumba.

Mwana wa Fundi
Nimechelewa kurudi, nilikuwa namsomea mzee uzi mzima kwa simu. Alicheka kwenye ugomvi wa ngazi na kasema Mpima Viwanja yuko sahihi, yeye aliona mle ndani hakuna pampu nyingi kama alivyotegemea. Kwa Mama Pacha alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniagiza nimuulize yule dada, yale makufuli yalikuwa yamefungwa moja kwenye lingine au kila moja lilikuwa na tundu lake?

Mama Pacha
Mpe shikamoo yangu. Mwambie kulikuwa na kibanio cha chuma chenye matundu sita, kila moja tundu lake, na langu lilikuwa la nne kutoka juu.